Kikombe Chenye Uzi Mweupe

Enzi zetu, sisi tuliokulia Malangali kabla lami haijafika Sumbawanga, watoto wengine walitambulika kwa majina ya baba zao. Sisi watoto wa Kusanyiko tulitambulika kwa kikombe. Kila mmoja alikuwa na chake, cha bati, kimefungwa uzi mweupe kwenye mshikio, na ulikwenda nacho kila mahali, shuleni, kisimani, hata msibani. Kusanyiko lilikuwa kanisa dogo la familia chache, lenye nyumba ya sala ya matofali mabichi, na sheria zake kubwa zilikuwa mbili. Usile wala kunywa kwa chombo cha mtu wa nje. Na usionje ulezi wa namna yoyote, uwe ugali, uji au togwa, kwa sababu ulezi ndio unaozaa pombe. Hebu fikiria, mtoto wa Kifipa asiyejua ladha ya ulezi.

Wenzangu wa rika hili mtakumbuka baridi ya Juni ilivyokuwa inatutafuna asubuhi, na mchakamchaka uliotufukuza usingizi. Shule nzima ilikimbia ikiimba. Sisi wa Kusanyiko tulikimbia bila kuimba, kwa kuwa nyimbo zile hazikuwa za Mungu, tukawa kama watu wanaowahi maziko. Kuruka kamba tulikatazwa kwa sababu gauni hupanda. Kombolela tulikatazwa kwa sababu kujificha ni nusu ya uongo. Tuliruhusiwa mdako, kurusha na kudaka vijiwe, nadhani kwa sababu hakuna mzee aliyewahi kukaa chini akautazama vizuri. Rafiki yangu Zuhura, ambaye baba yake alikuwa na duka la nguo karibu na kituo cha mabasi, alinihurumia sana. Siku moja aliniambia kwao wanafunga Ramadhani kisha wanapata Idi, ila sisi tunafunga mwaka mzima na Idi yenyewe haionekani. Nilicheka, halafu nikaenda nalo nyumbani lile neno.

Mimi nilikuwa mtoto wa kuuliza. Baba alikuwa ndiye msoma maandiko wa Kusanyiko, mtu mpole asiyepiga watoto, na maswali yangu yalimchosha kuliko kulima. Akabuni dawa. Aliniambia, "Andika swali lako, utamuuliza Mungu mwenyewe ukifika." Basi nikaandika kweli, nyuma ya daftari la hesabu. Kuku wa jirani anakula ulezi, je, yai lake ni najisi? Mungu anasikia Kifipa, au mpaka Kiswahili? Nani aliwahi kumwona mtu aliyekunywa ulezi tumbo likapasuka? Maana tulifundishwa hivyo, kwamba mtoto wa Kusanyiko akionja ulezi, tumbo lake litavimba na kupasuka kabla jua halijazama.

Nilipokuwa darasa la tatu, Bibi aliteguka mkono wakati wa mavuno. Bibi huyu alikuwa mama mzazi wa mama yangu, Mkatoliki wa rozari shingoni, aliyeishi kijiji cha mbali kidogo na mji, kwenye matuta yake ya mahindi, maharage na ulezi. Mama hakuwa amekula kwake tangu aolewe na kuingia Kusanyiko. Lakini damu ni damu, akanituma nikamsaidie kwa likizo. Alinifungia unga wangu, sufuria yangu ndogo na kikombe changu, akanionya njia nzima mpaka tulipofika kwenye lori.

Bibi alinipokea kwa Tumsifu Yesu Kristo. Nilikuwa nimekatazwa kuitikia, nikatazama vidole vyangu vya miguu. Alisubiri kidogo, akajiitikia mwenyewe "milele amina", akanipokea mzigo. Hakunilazimisha kitu. Jikoni tuliinjika vyombo viwili kwenye moto mmoja, changu na chake, na nilipopika ugali wangu mweupe yeye alisonga wake wa ulezi, mwekundu, unaotoa harufu ambayo hadi leo siwezi kuieleza vizuri. Ilikuwa harufu ya udongo uliopata mvua, na ya kitu kitamu kilichojificha ndani yake.

Siku ya nne alitengeneza togwa. Kimea alikisaga mwenyewe kwa jiwe, kwa mkono mmoja, mimi nikimshikia ungo. Adhuhuri alitoka kwenda kwa jirani, akaniacha na chungu. Naapa sikuwa na kiu. Nilitaka kujua tu. Nikachota kwa kata yake, nikanywa, nikachota tena. Ilikuwa tamu na chachu kwa pamoja, na ilinikwaruza koo kwa wema.

Kisha nikatoka nje, nikakaa juu ya tuta nikisubiri kupasuka.

Msicheke. Nilikaa pale mchana kutwa. Nilifungua vifungo vya gauni ili tumbo lipate nafasi. Nilitubu, nikawaombea wazazi wangu, nikagawa mali yangu moyoni, vijiwe vya mdako nikampa Zuhura. Na katikati ya hofu hiyo, nakiri, nilikuwa na hamu kubwa ya kuona itakuwaje, itaanzia kitovuni au pembeni. Jua likashuka, likagusa vilima, likazama. Nilicheua mara moja. Bibi akarudi, akaniuliza mbona nimekaa kwenye baridi, akanifunika kwa khanga yake.

Niliporudi nyumbani sikuweza kukaa na siri. Mama alikuwa anachambua maharage. Nilimwambia yote, nikilia. Aliendelea kuchambua kama hajasikia, halafu akauliza bila kuniangalia, "Alikupa kwa kikombe chako, au kwa kata yake?"

Nikasema ni kata, na nilichota mwenyewe.

"Ungechukua kikombe chako," akasema. Akatoa jiwe dogo kwenye maharage, akalitupa. Kisha, kwa sauti ya chini sana, "Bado anasaga kimea mwenyewe kwa jiwe?"

Nikamwambia ndiyo. Hakumwambia Baba, wala wazee. Swali lile la mama nililiandika kwenye daftari langu chini ya mengine, ingawa halikuwa langu.

Nilipofaulu darasa la saba ndipo mambo yalipokatika. Kusanyiko halikuruhusu msichana kwenda sekondari. Mimi nilitaka kujua mambo yaliyokuwa kwenye vitabu vya wakubwa, nikakimbilia kwa Bibi, naye akanipeleka shule. Kwetu mtu akitoka, kikombe chake hupinduliwa mbele ya watu kwenye ibada, na tangu hapo hakuna wa Kusanyiko anayekula naye. Baba ndiye aliyesoma jina langu. Baba ndiye aliyepindua kikombe changu. Nilisimuliwa kwamba mkono ulimtetemeka, na kwa miaka mingi habari hiyo ya mkono ndiyo pekee niliyokuwa nayo ya kujifariji.

Watu huniuliza, baada ya kutoka ulikuwaje? Wanadhani nilifungua mlango nikakuta sherehe. Nilikuwa kama mtu aliyehamia nyumba asiyojua taa zinawashwa wapi, nikawa napapasa jambo mojamoja. Nilisikiliza redio kwa kina Zuhura nikiwa nimekaa karibu na mlango. Nilisuka nywele, nikaota usiku zinaniuma. Nilicheza kwenye harusi ya Zuhura, vibaya sana. Kila mara nilisubiri kidogo, kama siku ile juu ya tuta, nione kama kitu kitapasuka. Na bado yapo yaliyogoma kutoka. Hadi leo nasuuza kikombe mara tatu kabla ya kunywa, hata hotelini. Radi ikipiga nanyamaza katikati ya neno. Jumapili nyingine naenda kanisa alilokuwa akisali Bibi kusikiliza kwaya, Jumapili nyingine nabaki na bustani yangu. Walimu wenzangu wakiniuliza nasali wapi, nawaambia bado nauliza. Mungu nadhani yupo. Ninachotaka kujua ni kama zile sauti zote za kutukataza zilikuwa zake, na kama yeye naye hakuwa anasubiri mtu mmoja amwulize.

Baba alipofariki nilisimama nje ya uzio wakati wa maziko. Baada ya hapo mama alianza kuja kwangu. Wazee walimruhusu kuniona, si kula nami. Anakuja na kikapu chake, ndani mna viazi alivyochemsha kwake, chupa ya maji, na kikombe chake cha uzi mweupe. Anakaa kwenye mkeka barazani, anakula vyake, mimi nakula vyangu, tunaongea habari za mvua na mbolea. Nimejenga, nimesoma, nimelea, nashukuru. Lakini nilichokuwa nakitaka kwa miaka yote hiyo ni kimoja, mama ale kwangu. Niliwahi kumwuliza kikombe changu kiko wapi. Akasema kiko palepale kwenye nyumba ya sala, rafuni, kimepinduliwa. Kisha akaongeza kwamba huwa anakifuta vumbi.

Mwezi uliopita alinikuta natengeneza togwa. Bibi hayupo tena, jiwe lake ninalo mimi, na kimea nilikuwa nimekisaga kwa hilo. Binti yangu alikuwa pembeni na simu yake. Watoto hawa wa leo, swali halijamaliza kuzaliwa wameshapata jibu. Aliiuliza simu togwa ni nini wakati chungu kiko hatua mbili kutoka puani mwake. Nikamwambia aonje. Akasema ngoja kwanza asome.

Mama alikuwa ameketi mkekani. Nikaona anavuta hewa, polepole, macho ameyafumba. Nikajifanya sioni.

"Kimea umekisaga kwa jiwe," akasema.

"Ndiyo, mama. Lile la Bibi."

Majirani walipita, akaitikia shikamoo zao. Kisha akafungua kikapu, akatoa kikombe chake, akaufuta ule uzi kwa kidole kana kwamba una tope, akaninyooshea.

"Mama, ni ulezi," nikamwambia, maana sikutaka kumlaghai.

"Najua ni nini. Nililelewa nao." Akakisogeza karibu zaidi. "Kikombe ni changu. Jaza."

Nikajaza. Akanywa chote bila kupumzika, akashusha kikombe mapajani, akatazama jua lilipo. Lilikuwa bado juu. Nikakaa karibu naye kwenye mkeka, na binti yangu akatuuliza tunasubiri nini.

Enzi zetu majibu yalikuwa machache na swali moja ulikaa nalo hata miaka arobaini. Siku hizi yamejaa kila mfuko. Mimi sijui ipi ni afadhali. Ninachojua ni kwamba jua lilizama, na mama akaomba aongezewe.