Aliyetoka Bila Kutoka

Kisirani hakuzaliwa na jina hilo. Alibandikwa na shangazi yake mlezi, siku alipouza pasi ya mama huyo ili anunue unga, na sisemi unga wa uji. Shangazi alimtupia nguo barabarani, akafunga mlango, na mlango ule haujafunguliwa mpaka leo. Miaka mitatu binti alilala nyuma ya gereji, juu ya viti vilivyong'olewa kwenye magari, akipigwa teke na kila mwenye kiatu. Watu wazima na heshima zao walivuka barabara wakimwona. Sijui walidhani uteja unaambukiza kama mafua.

Akiwa na miaka ishirini na miwili alipata kitanda namba sita kwenye nyumba ya vijana wanaoacha unga. Siku sitini na moja hakugusa kitu. Kila asubuhi alikwenda kliniki kunywa dawa mbele ya nesi, akarudi, akasugua masufuria, akagombana na mtu. Alikuwa mkali kama pilipili, lakini alikuwa mzima.

Nyumba ile ilikuwa na lugha yake. Anayekwenda kliniki "kashuka", kwa kuwa kliniki iko bondeni. "Katoka" lilikuwa neno zito: maana yake kakimbia, karudi kwenye unga, kitanda chake apewe mwingine. Kila mtu alilijua hilo isipokuwa mlinzi mpya, mzee mstaafu wa bohari, aliyeanza kazi asubuhi ya siku ya sitini na moja. Kisirani alipopita getini, mzee aliandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri kabisa: "Wa namba sita katoka."

Foleni ya kliniki ilikuwa ndefu. Aliporudi mchana alikuta vitu vyake koridoni, vimeshindiliwa kwenye kiroba.

"Nani kagusa vitu vyangu?"

Msimamizi alitokeza ofisini. Huyu naye aliwahi kulala mitaroni, akaacha, na hakuna mwenye roho ngumu kwa mgonjwa kama aliyepona.

"Daftari linasema umetoka."

"Nilikwenda kunywa dawa! Kama kila siku!"

"Mateja wote wakiulizwa husema walikuwa kliniki."

"Mpigie nesi basi. Mpigie!"

Alimpigia. Alisikiliza, akamwita mlinzi.

"Mzee, hapa uliandika nini?"

"Katoka. Kwani hakutoka? Ulitaka niandike kaingia?"

Hakuna aliyecheka. Msimamizi hakuomba radhi. Watu wa aina yake radhi huwakwama kooni.

"Maji yamemwagika, hayazoleki," alisema. "Kitanda kimeshapata mtu, na vingine vimejaa. Rudi wiki ijayo."

Wiki ijayo! Kisirani alijijua. Nyuma ya gereji angevumilia usiku mmoja, na kesho yake angevuta. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakaziba. Alimpiga kikumbo msimamizi, akaingia chumbani kumburuta huyo aliyelala mahali pake.

Alikuwa msichana mdogo kwake, pengine miaka kumi na minane. Arosto, yale maumivu ya kuukosa unga, ilikuwa imemshika: jasho, kamasi, meno yanagongana. Kisirani alimchukia papo hapo, kwa moyo wake wote. Akalishika shuka avute.

Msichana akafumbua macho. "Dada, usinirudishe nje."

"Kitanda kimoja, mtu mmoja," msimamizi alisema kutoka mlangoni. "Ukimwondoa, ujue umemwondoa wewe, sio mimi."

Mwoga mkubwa! Kisirani alitupa kiroba chini, akavua viatu.

"Ukija kuniondoa utatubeba wote wawili," alimwambia msimamizi bila kumtazama. Kisha akamgeukia msichana. "Sogea ukutani. Na ukinitapikia nakung'ata."

Msichana akasogea.