Swali la Ndizi

Juzi nilipita karibu na stesheni ya Morogoro, fundi mmoja akagonga kipande cha reli kuwaita vibarua wake. Nikasimama. Wewe uliyesoma wakati wa Wajerumani unaijua sauti ile. Ndiyo iliyokuwa kengele yetu.

Kila alfajiri tulishuka mlimani, mimi na kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa. Bibi alitufungia magimbi ya kuchemsha kwenye jani la mgomba, nasi tuliyakumbatia njia nzima kwa ajili ya joto lake. Ukungu ulinukia moshi wa kuni.

Kaka herufi zilimshinda. Mwalimu, mtu wa pwani, alimweka benchi la nyuma, na sisi tulipofungua vitabu, benchi la nyuma lilitoka kupalilia bamia zake. Bado najiuliza: asiyejua kusoma atajifunza nini kwenye bamia? Hesabu, hata hivyo, aliziweza polepole, kwa punje za mahindi. Tumaini lake lote lilikuwa hapo, maana mkaguzi wa Kijerumani alikuwa anakuja na mtihani, maswali yaleyale kwa shule zote. Wa kushinda wangekwenda shule kubwa ya Tanga, kisha ukarani. Wa kushindwa wangerudi kwenye jembe.

Siku ilipofika, mkaguzi alimuuliza, "Nyumbani kwenu mko wangapi? Kila mtu akila ndizi mbili, zitatakiwa ngapi?"

Kwetu watu hawakuhesabiwa. "Ukiwahesabu, unakionyesha kifo pa kuanzia," bibi alikuwa akisema. Jioni, mwiko mkononi, aliuliza tu, "Wote wamekula?"

"We mtoto wa mlimani, umemeza ulimi?" mwalimu akasema. Darasa likacheka.

"Watu hatuwahesabu, bwana mwalimu."

Mwalimu akainama, akanong'ona, "Basi danganya. Taja yoyote."

"Nikitaja nimehesabu."

Mkaguzi akaita jina lililofuata.

Zamu yangu ilikuja mwaka uliofuata, na swali likawa la mbuzi. Mbuzi tuliwahesabu kila jioni wakiingia zizini. Nikapita. Kwa ajili ya mbuzi wale nimesoma mpaka vyuo vya ng'ambo, na huko nimeambiwa na watu wazima wenye miwani kwamba mtihani hupima akili. Huwauliza, akili ya nani?

Vita ilipofunga shule na kuturudisha nyumbani, vijana wa jembe walikusanywa wawe wapagazi. Karani aliyewapokea alikuwa kijana wa benchi la mbele, aliyefaulu siku ile ile ya ndizi. Aliwapanga mstari, akawahesabu kwa kumgusa kila mmoja kifuani. Kaka alipoguswa alifumba macho. Waliondoka kuelekea kusini na mizigo kichwani. Hakurudi, na hatujui alizikwa wapi, kama alizikwa.

Shule nayo haipo. Mabenchi yalichomwa kuni na askari, la mbele na la nyuma, na bustani ya mwalimu imemezwa na majani. Nasikia itajengwa nyingine, na mtihani utakuwepo. Sioni kitakachobadilika.

Bibi aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Alipika magimbi yale yale, akapakua kwa mwiko ule ule, lakini hakuuliza tena kama wote wamekula.