Neno Alilolisahihisha Twalibu

Mume wangu Twalibu alikuwa mwandishi wa barua, na alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuliacha neno la mtu lipite bila kulisahihisha. Ukija kibarazani kwetu hapa Tabora ukamwambia "andika mama anaumwa," yeye aliandika "mama yetu mpenzi yu mahututi." Wateja walifurahi. Mimi nilikuwa ndani nikitwanga karanga, nikimcheka. Nilimwambia ipo siku atamzikisha mtu mwenye mafua tu.

Babu yake alikuja na misafara ya pembe kutoka pwani, akaugua hapa, akapona, akaoa. Kwa sababu hiyo Twalibu aliamini kwamba Kiswahili kilifika Tabora juu ya kichwa cha babu yake, na kwamba watu wa Nzega na Igunga wanakiazima tu. Mwandiko wake ulijulikana mji mzima. Herufi ya mwisho ya kila aya aliitilia mkia, akauvuta mkia ule mpaka ukingoni mwa karatasi. Mtu yeyote aliyewahi kupokea barua kutoka Tabora aliujua mkia wa Twalibu.

Mwaka 1957, Ijumaa moja kabla ya adhuhuri, akaja Masolwa Ngollo wa Lusu. Nani hakumjua? Nusu ya watu walimwona mkombozi, nusu walimwona mchokozi aliyependa kusikia sauti yake. Alikuwa ameshagombana na mtemi wake, na mapadri, hata na watu wa chama chake mwenyewe. Mahakamani alikwishafika mara mbili, na mara zote mbili alitoka salama kwa sababu alijua kupima maneno. Mimi sikumpenda. Alivaa koti zito katika jua la Oktoba na hakulivua hata alipokaribishwa maji.

Alitaka barua ya kupeleka gazetini, juu ya afisa mmoja wa mifugo, Mzungu, aliyekuwa akiwalazimisha watu kupeleka ng'ombe wao mnadani. Jina lake silitaji. Masolwa alisema taratibu, macho ameyafumba: "Andika hivi. Mgeni huyu amekaa vya kutosha. Tumbebee mzigo wake, tumsindikize."

Huku kwetu mgeni husindikizwa kwa miguu. Mwenyeji humbebea mzigo hadi njia panda, na zamani misafara ilipoondoka, mji mzima uliisindikiza mpaka kambi ya kwanza. Hakuna kosa katika kusindikiza. Masolwa alilichagua neno lile kama mtu anayechagua pa kukanyaga penye miiba.

Twalibu akasikia Kiswahili kibovu cha mtu wa ng'ombe. Akaandika: "Mtu huyu amekaa vya kutosha. Tumtupie mzigo wake nje, tumfukuze." Akavuta mkia.

Masolwa alijua kusoma maandishi ya chapa, lakini ya mkono yalimpa taabu, na kiburi hakikumruhusu kusema asomewe. Aliitazama karatasi kwa muda wa kutosha kumfanya mtu aamini ameisoma, akatia sahihi, akaondoka kuwahi lori. Usiku wakati wa kula Twalibu alinisimulia huku akicheka. "Mtu mzima, mwanasiasa, hajui kusema kumfukuza mtu! Ati kumsindikiza!" Nilicheka naye. Kicheko changu kile nakikumbuka mpaka leo.

Gazeti likaichapa barua. Wiki iliyofuata, mnadani karibu na Ziba, vijana walimzunguka yule afisa wakiimba "tumfukuze, tumfukuze," kisha mawe yakaruka. Alipasuka kichwa, akapoteza jicho moja. Masolwa akakamatwa kwa uchochezi.

Twalibu alipopata habari alikuwa anakunywa uji. Aliweka bakuli chini, akaniangalia, akasema, "Mama Tatu, lile neno ni langu." Tatu ni binti yetu, wakati ule alikuwa ameshaolewa Ujiji, na nilimshukuru Mungu kwamba yuko mbali. Nilifunga mlango wa mbele mchana kweupe, jambo ambalo sijalifanya hata siku ya msiba.

Siku mbili hakufungua kibaraza. Siku ya tatu nikamwambia kufunga ni kujitangaza, atoke aketi. Akatoka. Saa nne akaja mtu mnyenyekevu, kofia mkononi, akaomba aandikiwe barua kwa mama yake. "Mwambie mama, jirani yule amekaa vya kutosha, tumfukuze." Twalibu alishika kalamu. Kupitia dirishani niliona shingo yake imelowa jasho. Angeweza kuandika vibaya, angeweza kupindisha mkono. Lakini mkono wake ulikuwa na kiburi chake wenyewe, ukaandika vizuri, na mwishoni ukavuta mkia. Yule mtu aliikunja karatasi bila hata kuomba bahasha. Alikuwa askari kanzu.

Hawakumfunga. Walimpa hati ya kuitwa shaurini kama shahidi wa serikali, na hilo lilitutisha zaidi, maana shahidi akigeuka siku ya shauri anaweza kuwa mshtakiwa. Kila pikipiki iliyopita barabarani ilimwinua kitini. Aliacha kula nyama. Aliswali sana, kisha akaacha kuswali, akisema anaona haya.

Mji haukuwa na habari nyingine ila mawakili wa Masolwa. Chama kilimletea Bwana Jethalal kutoka Dar es Salaam, Mhindi mwembamba aliyesifika kwamba hajawahi kushindwa shauri la siasa. Wengine walisema Masolwa ajitetee mwenyewe, mdomo anao. Na palikuwa na Bwana Fonseka, Mgoa wa hapa hapa Tabora, mzee wa mirathi na mipaka ya mashamba, ambaye hakuna aliyemtaja isipokuwa kwa mzaha. Watu walibishana juu ya mawakili hao kama juu ya timu za mpira. Hawakujua kwamba ndani ya nyumba yetu tulikuwa tunasubiri wakili gani atatufunga.

Bwana Jethalal alikuja mwenyewe kibarazani. Alivua viatu kabla sijamwambia, akaketi mkekani, akauliza kwa upole mno: "Bwana Twalibu, ulibadilisha neno lolote?"

"Sikubadilisha, bwana wakili."

"Mteja wangu anasema alisema kusindikiza."

Nilisimama nyuma ya pazia nimeushika mlango.

"Mteja wangu hawezi kusoma mwandiko," akaendelea Jethalal. "Mwandishi alitia maneno yake. Mbele ya hakimu utashika msahafu, nitakuuliza hivi hivi. Ukisema kweli, Masolwa anatoka. Ukisema uongo, nitaleta wateja wako ishirini waeleze unavyofanya barua zao." Akavaa viatu vyake. "Sikuchukii. Ni kazi."

Mtu huyo alisema kweli tupu, na mimi nilimwogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mwongo yeyote. Twalibu alibaki pale mkekani hadi kivuli cha nyumba kikavuka barabara. Aliniuliza gerezani watu wanalalia nini. Nilimjibu kwa hasira kwamba mimi sijawahi kukaa gerezani, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Siku nne kabla ya shauri, Jethalal alipita tena akielekea stesheni, mpagazi akimfuata na masanduku. Alisimama barabarani, hakuketi. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa ghadhabu.

"Mteja wangu amenifukuza," akasema. "Au niseme amenisindikiza. Amemchukua yule mzee wa mashamba."

Nilimuuliza kwa nini.

"Anasema, akisimama mbele ya watu wake akiri kwamba hakujua kilichoandikwa juu ya jina lake, nani atamsikiliza tena? Anasema maneno yakishatiwa sahihi ni yake. Ameniambia nisimguse mwandishi. Nimemwambia atafungwa. Amesema vizuri, lakini atafungwa kwa barua yake, si kwa kutojua kusoma." Alimtazama Twalibu kutoka juu hadi chini. "Una bahati ana kiburi."

Alipokwenda, Twalibu aliketi chini akacheka, kisha kicheko kikakatika ghafla. Nilimshika. Ndipo akasema, "Mama Tatu, nitasema kweli. Siku ya shauri nitasema."

Na mimi, Batuli binti Shaban, nilimjibu hivi: "Yeye mwenyewe anasema ni maneno yake. Na wewe sema ni maneno yake. Unataka kumbishia?"

Alisema, "Nitashika msahafu."

Nikamwambia, "Shika."

Siku ya shauri mahakama ilijaa hadi madirishani. Masolwa alikuwa kizimbani na koti lake lile lile. Bwana Fonseka alikuwa akitafuta miwani ambayo ilikuwa juu ya kipaji cha uso wake, na watu walicheka. Twalibu akaitwa. Kutoka mlangoni hadi pale penye kuapia ni hatua kumi na mbili, nilizihesabu.

Akaapa. Mwendesha mashtaka akamwonyesha barua. Ni mwandiko wako? Ndiyo. Mkia huu ni wako? Watu wakacheka tena. Ndiyo.

"Na maneno haya aliyasema nani?"

Twalibu alimgeukia Masolwa. Masolwa hakuwa akimtazama, alikuwa ametazama dirisha. Kisha mume wangu akanitafuta mimi katika watu. Alinipata. Wallahi sikutikisa kichwa wala sikufumba jicho, lakini nilimtazama kama ninavyomtazama mtu anapotaka kutoka nje kwenye mvua bila mwavuli.

"Aliyasema yeye," akasema.

Bwana Fonseka akasimama. Mzee akaigeuza barua, akaitazama, akamtazama Twalibu kwa huruma ambayo sikuielewa. "Sina swali," akasema, akaketi.

Masolwa aliulizwa kama barua ni yake. Akajibu kwa sauti iliyofika nje: "Yangu yote, mpaka nukta." Watu wakapiga makofi, hakimu akatishia kuwatoa. Miaka miwili. Siku ya kumpeleka gerezani watu walimfuata hadi stesheni wakiimba, mwanamke mmoja wa Lusu akambebea furushi lake kichwani. Sisi tulifunga mlango.

Hatukukamatwa. Hakuna aliyetushuku, watu walimpa Twalibu pole kwa usumbufu. Lakini mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka juma lile na haukutulia tena. Mkia wa herufi ukawa mchirizi. Wateja wakahamia kwa mtu mwingine, na wachache waliobaki walichoka, maana sasa Twalibu alimrudisha mtu kwenye neno moja mara tatu. "Umesema anaumwa? Anaumwa tu? Niandike anaumwa?" Mwishowe alinifundisha kushika kalamu vizuri, nikawa naandika mimi, yeye akikaa pembeni kuhakikisha siongezi kitu. Mji ukatuita mashahidi wawili. Hilo lilikuwa utani tu, lakini kila nilipolisikia niligeuka kuangalia kama kuna askari.

Masolwa alitoka mwaka 1959, nywele zimekuwa nyeupe. Mwaka uliofuata zikaanza habari kwamba serikali mpya inakuja na Masolwa atakuwa mtu mkubwa ndani yake. Hofu yangu ikazaliwa upya. Mtu mkubwa anaweza kufanya nini kwa mwandishi aliyemfungisha? Nilitaka tuhamie Ujiji kwa Tatu. Twalibu alisema hapana. Alisema lete karatasi.

Tuliketi kibarazani asubuhi, mkeka ule ule. Akaanza. Salamu, kisha: "Mimi Twalibu nilibadilisha neno lako. Ulisema tumsindikize, nikaandika tumfukuze. Mahakamani niliulizwa, nikasema uongo juu ya msahafu. Niliogopa."

Nilikuwa nimechovya kalamu. Nilimtazama mume wangu, kipara chake, mkono wake unaotetemeka juu ya goti. Barua hii itasomwa na watu, nikawaza. Masolwa atampa mtu amsomee kwa sauti, maana mwandiko haujui. Watacheka. Nikaandika: "Nilisita."

"Nisomee," akasema.

Nikasoma. Nilipofika mwisho akanyanyua kidole. "Sikusema nilisita. Nimesema niliogopa. Andika upya."

Nilichukua karatasi nyingine, nikaandika yote tangu salamu. Niliogopa. Kisha, kabla sijaiweka kalamu chini, mkono wangu uliendelea wenyewe, nikaongeza mstari mmoja. Nikamsomea barua hadi mwisho, pamoja na mstari ule: "Na mkewe ndiye aliyemwambia aseme vile."

Mtu wa mkaa akapita, akasema shikamoo, hakuna aliyeitika marahaba.

"Hayo si maneno yangu," Twalibu akasema mwishowe.

"Ni yangu."

"Basi tia sahihi yako."

Nikatia.