Wale Waliokula kwa Mpira

Juzi niliwaona vijana wa chuo wakicheza mpira Msambweni, nikamkumbuka kaka yangu Bakari. Nilipokuwa mtoto, timu ya chuo chake cha ualimu ilikuwa haijafungwa na yeyote, ikawaalika wachezaji wa kulipwa kutoka Mombasa.

"Wale wanakula kwa mpira," mama alininong'oneza, nami nikangoja niwaone wakiutafuna. Sikujua bado kwamba mtu aweza kulipwa kwa kukimbia. Hewa ilinukia machungwa na nyasi zilizokanyagwa.

Wanachuo walifungwa mabao sita. Walirudisha moja tu, na alilifunga Bakari.

Mechi ilipokwisha, nahodha wa wageni alimjia mama. "Shikamoo, mama. Tupe huyu kijana."

"Marahaba, mwanangu. Muulize mwenyewe."

Bakari hakungoja kuulizwa. Alikuwa amekwishapanda lori lao, pekupeku, akicheka.