Jiwe Lenye Meno Mawili

Wayunani wa kale wana kisa cha mfalme aliyehukumiwa kusukuma jiwe mlimani. Likikaribia kilele hubingirika hadi chini, naye huanza upya. Jiwe la yaya huyu lina meno mawili na linanuka maziwa. Kila alasiri hulipandisha begani, akalizungusha chumbani huku akivumisha wimbo usio na maneno, kiganja kikipigapiga mgongo mpaka pumzi ya mtoto iwe nzito. Kisha huinama kitandani kama anayetua trei ya mayai, na hapo ndipo goti lake la kushoto hulia, ko! Macho yanafumbuka, kilio kinapasuka, safari inaanza upya. Goti amelipaka mafuta, amelifunga kitambaa, amelitukana. Wapi!

Leo mama mtoto alichungulia mlangoni, akanong'ona, "Dada, akishalala uende zako tu. Kesho anaanza kituo cha kulelea watoto, upumzike sasa."

"Sawa, mama."

Yaya hakugeuka. Aliinama, pumzi ameibana, jasho likimtiririka usoni. Shuka likapokea miguu, kisha kichwa. Goti kimya. Kwa mara ya kwanza jiwe lilitulia kileleni, na mikono yake ikabaki inaning'inia tu, haijui pa kukaa. Akautazama mkoba wake uliokwisha fungwa. Akamtazama mtoto. Halafu akasogea karibu na kitanda, akalikunja goti la kushoto kwa makusudi, kwa nguvu zake zote.

Ko!

"Amelala?" mama akauliza toka sebuleni.

"Bado kidogo," alijibu yaya, jiwe tayari liko begani.