Mti wa Desemba wa Mama Kendi

Siku Ekitela alipoiona miti ile kwa mara ya kwanza, aliihurumia. Alikuwa amesukuma mkokoteni wa simiti hadi kwenye ploti moja ya mtaa wa Chechelesi. Mwenye nyumba, fundi wa nguo aliyeitwa Kagendo ingawa wote walimwita Mama Kendi, alikuwa ameingia ndani kumtilia chai. Dirishani palikuwa na miti midogo, kila mmoja ndani ya mkebe wa rangi ya viatu, mashina yamepinda kama ya migunga iliyozeeka kwa upepo. Udongo ulikuwa mkavu kabisa. Ekitela alikuwa amekua akichunga mbuzi, na mti wenye kiu hakuweza kuupita. Akafungua chupa yake, akaumwagilia ule wa pembeni.

Mti ukanywea, ukalala kifudifudi.

Mama Kendi alipotoka na kikombe, alimkuta ameduwaa, maji yakidondoka sakafuni.

"Mama, nimeua mti wako."

Akautazama mti, akamtazama yeye, akacheka mpaka chai ikamwagika. "Ni karatasi, baba! Miaka sita watu wanapita hapa, na hakuna aliyewahi kuionea huruma."

Akamwonyesha kalenda ya zamani ukutani, aliyoachiwa na mgeni mmoja Mjapani ambaye yeye alimshonea koti. Kila mwezi ulikuwa na picha ya mti wa bonsai, miti mikubwa kwa umri, midogo kwa kimo. Yeye alikuwa akiitengeneza kwa karatasi, mmoja baada ya mwingine, na alikuwa amefika Novemba. Desemba ulikuwa shina tupu. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na mwisho wa mwezi binti yake Kendi angekuja kumchukua wakakae mjini Maua. Hakutaka kuondoka kabla kalenda haijajaa. Sasa, kwa sababu ya Ekitela, mapengo yalikuwa mawili.

Ekitela ni mtu wa kutazama miguu yake anapoongea. Shule aliachia darasa la saba, mwaka ambao ukame ulimaliza mifugo ya baba yake. Lakini Jumapili ile, baada ya kanisa, alirudi na mfuko mtupu wa simiti chini ya kwapa.

"Nifundishe, mama. Niurudishe."

Akafundishwa. Karatasi ya mfuko inalowekwa, inasokotwa kwenye waya ikiwa bado mbichi. Majani yanakatwa kutoka jalada la kijani la daftari, madogo kama punje za wimbi, yanabandikwa kwa uji mzito wa ngano.

"Hilo ni jani ama ni bati la nyumba?" Mama Kendi alimuuliza siku ya kwanza.

Lakini mikono ile ya kubeba mizigo haikutetemeka. Mti aliouharibu ukasimama tena. Kisha akapewa Desemba aende nao kwake mtaa wa Bulla Pesa.

Aliurudisha siku moja kabla ya Kendi kufika. Mama Kendi aliugeuzageuza kwenye mwanga.

"Ekitela, kwenye picha matawi ya chini ndiyo yenye majani mengi. Ya huu yako wapi?"

Akatazama miguu yake. "Hapo mbuzi hufika, mama."

Kweli, maishani mwake hakuwahi kuona mti wenye majani mahali mdomo wa mbuzi unafika. Akanyoosha mkono auchukue akaurekebishe. Mama Kendi akauzuia mkono wake, akauweka mti dirishani, mwisho wa mstari.

"Acha. Imetimia kumi na miwili."

Kesho yake Kendi alipakia vitu kwenye pikapu. Ekitela alitaka kushukuru, kwamba kabla ya mama huyu hakuna aliyewahi kumwachia mikononi kitu chepesi kuvunjika. Badala yake akakaza kamba ya mizigo. Hakujua kwamba masika hayangemkuta Mama Kendi akiwa hai. Gari lilipoanza kusogea, mkono unaotetemeka ukatoka dirishani na ule mkebe wa Desemba, naye akaupokea kwa mikono miwili.

"Huu wa mbuzi ni wako, baba. Na usiumwagilie maji!"