Bahasha ya Dola Zilizopasuka

Nilimchukia Mama Spès Niyonkuru siku tatu nzima, sifichi. Mimi ni Gracien, mtunza pesa wa mfuko wa serikali unaodhamini mikopo ya nyumba hapa Uvira. Unalipa bima kila mwezi. Ukifa, mfuko unamaliza deni lako benki, familia inabaki na nyumba. Yeye alitumwa kutukagua.

Wakaguzi wengine huanza na vitabu vya hesabu. Huyu akaniambia, "Papa Gracien, fungua kasha kwanza." Ni mtoto wa wakulima wa Mutarule; baba yake alihesabu mbuzi kabla ya kumsikiliza mchungaji. Akahesabu noti moja moja.

Kasha lilikuwa na dola mia tatu na themanini zaidi ya kitabu.

"Zaidi?" akashangaa. "Wezi wanapunguza, weye unaongeza?"

Nikamwonyesha bahasha moja ya mle kashani. Hapa kwetu dola ikipasuka hata padogo kama mguu wa siafu, hakuna anayeitaka. Watu wakinilipa kwa noti hizo nilizipokea, nikaandika jina na tarehe kwenye kikaratasi, nikaziweka pembeni hadi nipate wa kunibadilishia. Kitabuni, hapana. Risiti, hapana. Eti wema!

Akavichambua vikaratasi, akasimama kwenye kimoja. "Hyacinthe wa Kilibula, dola ishirini, Machi tarehe tatu. Si ndiye yule marehemu wa kwenye faili, mliyekataa kumlipia deni?"

Ndiye. Alikufa Machi tarehe kumi na tisa, na kitabu changu kilisema bima ya mwezi ule haikulipwa. Ijumaa ya wiki ile ile benki ingeuza nyumba. Mjane wake, Noella, alikuja mara nne akilia kwamba mumewe alilipa, nami, mjinga mimi, nikamjibu, "Mama, kitabu hakidanganyi." Siku zile zote bahasha sikuikumbuka kabisa. Niliona aibu hadi kwenye kucha.

"Pesa uliipokea?"

"Miye mwenyewe."

"Basi alilipa. Noti kupasuka iko shida ya mfuko, si ya marehemu."

Akaandika ripoti, akanisainisha kosa langu, akaingia kwa mkurugenzi wetu bila hodi. Alhamisi mchana barua ikafika benki: mfuko unalipa deni lote, nyumba haiuzwi.

"Nakala mpelekee Noella weye mwenyewe," akaniagiza. "Na kitabu cha risiti ubebe."

Noella alisoma mara mbili, akapiga vigelegele, Kilibula nzima ikatoka nje. Ah, siku ile! Majirani walicheza hadi vumbi likatufunika. Kisha Noella akaninyooshea mkono.

"Sasa, Papa Gracien, risiti ya mume wangu."

Nikaiandika palepale mlangoni kwake, mbele ya watu wote: Hyacinthe, Machi tarehe tatu, amelipa.